Mtu wa Dakika Ishirini

"Niletee mtu," Lupakisyo aliniambia, na mimi nikamjibu kwamba watu ninao wengi. Uongo mtupu.

Lupakisyo ni mtaalamu wa viungo kwenye kliniki moja ya maumivu pale Mikumi, Mnyakyusa mpole mpaka anaudhi. Alikuwa ameshanijaribishia tiba yake mara mbili. Anakuketisha kitini, anakufunga mkanda kichwani wenye sponji mbili zilizolowa maji ya chumvi, moja juu ya sikio la kushoto kuelekea utosini, nyingine juu ya jicho la kulia. Waya mbili, na kimashine cha betri kidogo kama redio ya mkononi. Hakuna sindano, hakuna kisu. Mwanzoni panawasha kama dawa ya kulainisha nywele inapoanza kushika, halafu unasahau. Dakika ishirini, basi, unafunguliwa.

"Mkono wako ulishapona, dada Hilda," alinieleza. "Ila mishipa ilivutika pale begani, na ubongo mpaka leo unapiga kelele kana kwamba umeanguka asubuhi hii. Huu umeme mdogo unaubembeleza unyamaze. Haunyamazi siku moja. Ni kila siku, kwa wiki kadhaa."

Kila siku kutoka Kilosa mpaka Mikumi mimi siwezi. Basi likipiga shimo moja tu, mkono wangu wa kulia unawaka kuanzia bega mpaka kwenye kucha, nauma ukosi wa gauni nisipige yowe mbele za watu. Ndipo akaniambia wapo wagonjwa wanaopewa kimashine wakatumie nyumbani, yeye anawafuatilia kwa simu. Sharti ni moja. Sponji lazima ziwekwe mahali penyewe, na mgonjwa asiachwe peke yake waya zikiwa kichwani. Kwa hiyo niende Jumatatu na mtu wangu, afundishwe. Nisipokwenda naye, kimashine kinapewa anayefuata.

Anayefuata nilikuwa nimekaa naye benchi moja. Yudith, mama wa kijiji cha Ulaya, hukuhuku wilayani Kilosa, alikatwa mguu chini ya goti, na vidole ambavyo havipo ndivyo vinavyomuuma. Nilimwelewa bila maelezo. Lakini Yudith alikuja na binti yake, na mkwe, na shangazi mtu, watatu wote wamekuja kumshikia pochi! Niliwatazama nikasikia wivu wa kutaka kulia. Mimi pochi yangu nilikuwa nimeibana kwapani.

Nijitambulishe vizuri. Mimi ni Hildegarda, kwetu Vidunda, milimani, ila Kilosa nimeishi zaidi ya nusu ya umri wangu, mtaa wa Mabwerebwere hapahapa. Nilikuwa msusi. Si msusi wa kubahatisha, msusi. Mabibi harusi wa mji huu nimewatengeneza mimi, na mama zao pia, na hakuna kichwa cha mwanamke mtaa huu ambacho vidole vyangu havikijui. Siku ya ajali nilikuwa natoka Ulaya kumpamba bibi harusi. Bodaboda ikateleza kwenye mchanga, dereva akainuka akijipangusa vumbi, mimi nikainuka na huu mkono.

Shida yake ni kwamba hauna kitu cha kuonyesha. Haukukatika, haujavimba, vidole vinacheza. Ukinigusa kwa kanga tu, moto. Nikaacha kutoa mkono watu wakinisalimia, wakasema Hilda siku hizi anaringa. Nikaacha kwenda vikaoni, wakasema ananuna. Mwanzoni walikuja kuniona, halafu wakaja kwa zamu, halafu wakapiga kimya. Mume niliyekuwa naye alishakwenda zake kabla hata ya ajali, mtoto sikujaliwa. Saluni nikaifunga. Kuna siku nilikuwa namaliza jua zima sijasema neno, mpaka nikimwita muuza mchicha sauti inatoka imekwaruza, nashtuka mwenyewe. Upweke ulikuwa unaniuma kuliko mkono, na mkono mnajua ulivyokuwa unaniuma.

Basi nikarudi Kilosa na kazi ya kutafuta mtu wa dakika ishirini. Nikaanza na Mwamvua, jirani yangu, ukuta kwa ukuta.

"Umeme?" akasema. "Kichwani? Weee!"

"Betri, Mwamvua. Betri kama ya redio."

"Sasa ukinifia hapo, Hilda, mimi nitawaambia nini watu? Nitasema nilikuwa namwekea betri?" Halafu akakumbuka kwamba mpunga wao kule Tindiga unataka kupaliliwa, na kwamba alikuwa na sufuria jikoni. Nikawajaribu wengine wawili kanisani. Mmoja akaniambia ataniombea. Nikamwambia kuniombea aombe, lakini kuomba hakuzuii mikono kufanya kazi. Akanuna.

Wakati huohuo nina habari ya nywele. Lupakisyo alikuwa amehangaika kupenyeza sponji katikati ya misuko yangu, rasta za zamani zilizokwishashikana kwenye mizizi, akaniomba Jumatatu niende nimezifumua. Kufumua tu, jamani. Lakini nifumue kwa mkono gani? Na kwenda kuketi kwenye kiti cha saluni ya mtu mwingine, mimi Hilda, nifumuliwe na wanawake niliowafundisha kushika kitana! Hapana. Nikajifunga kilemba nikaenda kwa Ashrafu kinyozi.

"Nyoa zote," nikamwambia.

Ashrafu akanitazama, akatazama zile rasta, akazima muziki. Hakuuliza kitu. Akaninyoa taratibu, kimya kabisa, nami nikasema moyoni kumbe huyu kijana ana adabu, anauonea huruma mkono wangu. Nikarudi nyumbani upara unang'aa, kilemba nimekishika mkononi kwa joto, nikapita mtaa mzima hivyohivyo. Nikajilaza.

Kilichoniamsha ni kilio.

"Mwenzangu eee! Mbona umekaa na msiba peke yako kama huna watu!" Ni Mwamvua, kanga kichwani, machozi yanamtiririka, amekwisha kuvua viatu mlangoni. Nyuma yake wanawake wanne, watano, na wengine wanakata kona.

Ndipo nikajua nilichofanya. Kwetu mwanamke mtu mzima hatembei upara bila kufiwa. Na mimi zaidi, kichwa changu ndicho kilikuwa kibao cha biashara, hata baada ya ajali sikuwahi kutoka bila misuko. Kwa kuwa nilikuwa nawaza mkono tu, hilo halikunijia hata kidogo. Na kwa kuwa wote wanajua ndugu niliyebaki naye ni mmoja, kaka yangu Filipo wa Vidunda, basi walikuwa wameshakubaliana kwamba aliyekufa ni Filipo.

Nilitakiwa niseme palepale. Nilifungua kinywa. Lakini Mwamvua alikuwa amekwisha kaa, upande wa kushoto, akanivuta nikaegemea bega lake. Mikeka ikatandikwa. Mmoja akaingia na unga, mwingine na maharage, wengine wakaanza kuwasha moto uani kwangu. Nje wanaume wakavuta mabenchi. Nyumba ambayo mjusi alikuwa anatembea anavyotaka ikajaa mpaka watu wakakunja miguu. Kuna mkono ukawekwa juu ya upara wangu, sijui wa nani, ukanipapasa. Tangu lini sijashikwa na mtu? Nikaangua kilio. Kilio cha kweli, cha tumboni. Nao wakalia zaidi, wakidhani namlilia Filipo.

Simu yangu ikaita. Mfiwa hapokei simu, akapokea Mwamvua.

"Haloo? Nani mwenzangu?" Akasikiliza. Macho yakamtoka. Akaitupa ile simu mkekani kama imemng'ata. "Inna lillahi! Marehemu anapiga!"

Nikaiokota. "Hilda," Filipo akafoka, "nani kaniua? Nimepigiwa simu na watu watatu, mke wangu kazimia shambani! Una akili wewe?"

Nikamwambia ni makosa, nitampigia. Akasema nisimpigie, nimemletea nuksi, akakata. Hakuuliza habari ya mkono. Huwa haulizi.

Sasa nyumba nzima wananitazama. Nikasimama.

"Hakuna aliyekufa," nikasema. "Nimenyoa kwa ajili ya matibabu. Lakini kwa kuwa mmekuja, na niwaulize. Natafuta mtu mmoja, Jumatatu twende naye Mikumi akafundishwe. Wa kukaa na mimi dakika ishirini kila siku, aniwekee sponji kichwani, aniangalie, kisha aende zake. Mmoja tu! Ninyi hapa mlikuwa tayari kulala kwenye mikeka yangu kwa ajili ya Filipo, ambaye wengi wenu hamjawahi hata kumwona. Mimi niko hai. Nani atakuja?"

Mh! Jamani, nilisema kwa ukali, nakubali. Ningekuwa na sauti tamu pengine mambo yangekwenda vingine. Mmoja akasema kumbe tumechezewa. Mwingine akasema msiba hautaniwi, nitajiletea. Mwamvua akasimama akijifunga kanga upya. "Hilda, ungetuambia unaumwa."

"Nilikwambia!"

"Uliniambia betri," akasema, na kweli nikaona ameumia. Moto wa uani ukamwagiwa maji. Mikeka ikakunjwa. Mwenye unga akachukua unga wake na mwenye maharage maharage yake, na sikuwalaumu, vilikuwa vya marehemu na marehemu hayupo. Mabenchi yakaburutwa. Kufika alasiri nyumba ilikuwa tupu kuliko ilivyokuwa asubuhi, maana sasa nilikuwa nimeiona imejaa.

Nikageuka kufunga mlango, nikamwona Raheli.

Alikuwa amekaa kwenye kona nyuma ya mlango, kanga imemfunika mpaka usoni. Raheli nilimfundisha kazi mimi, tangu hajui kugawa nywele mistari iliyonyooka. Nilipoumia akafungua saluni yake karibu na kituo cha mabasi, na wateja wangu wote wakahamia kwake. Siku ile nilimwambia asikanyage tena kizingiti changu. Kwenye msiba ugomvi huwekwa kando, ndiyo maana aliingia. Lakini msiba wenyewe ulikuwa umeshakwisha.

"Wewe bado unafanya nini?" nikamuuliza.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Nimekuuliza."

Akaja akasimama nyuma yangu, akanitazama kichwa. "Nani kakunyoa hivi? Huku nyuma ameacha manyoya kama kifaranga." Akatoa wembe kwenye pochi yake, msusi hatembei bila wembe, akanikalisha akanisawazisha. Vidole vyake nilivifahamu, ni vyangu, vinabonyeza ngozi ya kichwa kama nilivyomfundisha.

"Jumatatu ni saa ngapi?" akauliza.

Nilitaka kumwambia simhitaji. Nikataka kweli, neno lilikuwa kwenye ulimi. Nikamwambia basi la kwanza.

Huko Mikumi Lupakisyo alileta futi ya fundi nguo amwonyeshe namna ya kupima, kutoka sikio mpaka sikio, kutoka paji mpaka kisogoni, katikati hapa, kisha teremka kidogo kushoto. Raheli alipima mara moja, akaishika ile sehemu kwa kidole, akapima tena akiwa amekosea kwa upana wa ukucha, akarekebisha. Lupakisyo akafurahi. Akatuambia vilevile, kwa uwazi, kwamba si kila mtu hupata nafuu. Nitakuwa nasema namba kila wiki, sifuri mpaka kumi, yeye atapiga simu. Namba ikibaki juu tunaongeza wiki. Ikishuka chini ya nne tunapumzika, kimashine kinarudi, kinakwenda kwa mama wa Ulaya. Siku ile nilisema tisa.

Raheli akawa anakuja mchana, saluni inapopoa. Anasalimia, anavua viatu, analoweka sponji, anapima, anafunga mkanda, anawasha. Halafu anakaa. Siku za kwanza hatukusema kitu. Mimi nilikuwa nimekasirika na yeye alikuwa ananiogopa, tukawa tunamsikiliza kuku wa Mwamvua. Siku moja akasema nyuzi za siku hizi zinapukutika. Nikamwambia ni kwa sababu mnavuta mno kwenye mzizi. Akabisha. Nikaja juu. Kimashine kikalia kwamba muda umekwisha na tulikuwa bado tunabishana, Raheli akacheka, na mimi nikajikuta nacheka, aisee, na sauti haikukwaruza.

Akaanza kunisimulia mambo. Mume wake alikwenda kwenye kazi za reli huko Tabora, simu yake ikawa inaita, halafu ikawa haiiti. Saluni imejaa watu kutwa nzima, akasema, lakini wanaongea na vioo. Alikuwa anakuja na maandazi mawili kwenye mfuko, anakula moja, jingine analiacha mezani bila kusema ni la nani.

Na mkono? Nitasema ulivyo. Haukupona kwa muujiza. Kwanza moto ulipungua kwenye kucha. Halafu nikalala usiku mzima bila kuamka kuukumbatia. Halafu kanga ikanidondokea begani na nikasahau kupiga kelele. Lupakisyo alipopiga nikamwambia nane, juma lililofuata saba, tena saba. Hizo mbili za mwanzo zilikuwa za kweli. Ile saba ya pili ilikuwa tano, nikaipandisha.

Sikuipandisha kwa kupanga. Niliona tu namba inavyoteremka na nikaona mwisho wake. Raheli alikubali kuja kwa ajili ya sponji. Sponji zikirudi Mikumi, atakuja kufanya nini kwangu? Ataniambia tutaonana, na atamaanisha, kama wale wengine wote walivyomaanisha. Watu wabaya hawako mtaa huu, nimeshawaza sana. Wana shughuli tu. Niliogopa, nisiwafiche. Nilikuwa nimeomba miaka huu mkono unyamaze, na sasa unanyamaza, na mimi namwomba Mungu usiharakishe.

Juzi Raheli alinifunga mkanda kama kawaida. Alikuwa amekuja na chai kwenye chupa, akanimiminia kikombe, nikakipokea. Tulikuwa tunamsema bibi harusi mmoja anayetaka nywele za mtindo ambao kichwa chake hakiutaki. Simu ikaita, Raheli akaiweka sauti kubwa juu ya meza.

"Dada Hilda, habari za Kilosa," Lupakisyo akasema. "Haya, leo namba ngapi? Niambie ukweli wako. Yule mama wa Ulaya alikuja jana, hali yake si nzuri, halali. Lakini wewe usijali yeye, sema ya kwako."

Ya kwangu ilikuwa mbili. Nikamwona Yudith kwenye lile benchi, amekishika kile kipande cha mguu kwa mikono yote miwili. Ni mimi mwingine yule. Nikajua kabisa ninachotaka kufanya ni kibaya, sihitaji kuambiwa.

"Saba," nikasema.

"Bado saba? Pole sana. Basi tuongeze wiki mbili. Raheli, upo? Utaweza kuendelea?"

Raheli alikuwa anatazama kikombe. Chai imejaa, ina moto, na nilikuwa nimekishika kwa mkono wa kulia, nimekiinua mpaka karibu na mdomo, hautetemeki. Nikataka kukiweka chini na nikaona nimechelewa. Tukatazamana. Uso ukaniwaka moto, nikangoja aseme.

"Nipo, daktari," akasema. "Nitaweza."

Simu ikakatika. Kimashine kikalia, muda umekwisha. Akanifungua mkanda, akazikamua sponji mojamoja kwenye beseni, akazianika dirishani, akachukua viatu vyake. Alipofika mlangoni akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Kesho nitachelewa kidogo," akasema. "Nina bibi harusi."

Nikamwambia nitamsubiri.